Aliyeitikia Wito wa Marehemu

Viatu vilikuwa vya moto. Mjane aliviinua pale kizingitini ili afagie chini yake, kama alivyofanya kila asubuhi tangu afiwe na mumewe, na vidole vyake vikahisi kwa ndani joto lile la kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Alidhani ni jua. Akatazama, jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba.

Viatu vile havikuwa vya kuvaliwa. Vilikuwa vya kutishia watu. Nyumba ilibaki na wanawake wawili tu, mjane mwenyewe, ambaye alikuwa mshonaji, na mama wa marehemu, na nyumba ya wanawake wawili kila mtu huusukuma mlango wake aone kama umefungwa. Kwa hiyo walipatana. Viatu vikae mlangoni, na mgeni asiyejulikana akibisha aambiwe mwenyewe yupo, amejipumzisha. Wachuuzi waliambiwa hivyo, walevi waliopotea njia waliambiwa hivyo, na kila mmoja alishusha sauti akaenda zake. Majirani walicheka wakisema marehemu yule analinda nyumba akiwa kaburini kuliko waume zao wanavyolinda wakiwa kitandani.

Enzi za uhai wake walimwita Fundi Saa. Alikuwa mtu mpole, wa kukohoa kidogo kabla ya kusema neno, na mikono yake ilinuka mafuta membamba ya mashine hata siku ya harusi yake.

Mjane aliporudisha viatu chini ndipo alipoiona karatasi yenye mhuri juu ya meza. Mama mkwe akamweleza. Jana, mjane alipokwenda kupeleka nguo za watu, alikuja tarishi wa mahakama, akasimama mlangoni akaita jina kamili la Fundi Saa. Mama, kwa mazoea, akajibu kwamba yupo, amejipumzisha. Tarishi akasema karatasi ile anataka mwenye jina aipokee kwa mkono wake, akaita tena, kwa sauti ya kimahakama. Alipoita mara ya tatu, chumbani mtu akaitika.

"Nani aliyeitika, mama?"

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Kwani jina lililoitwa ni la nani?"

Chini ya karatasi palikuwa na saini ya kupokea. Mjane hakuwa msomi, lakini saini ya mumewe aliijua kama anavyojua mshono wake mwenyewe.

Akaifunga karatasi ndani ya khanga, akaenda kwa wakili. Wakili alikuwa binti wa miwani mikubwa, ofisi yake juu ya duka la kinyozi, na ngazi zake zililia kila hatua. Alisoma, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Mdai alikuwa jirani yao, mchoma matofali tajiri, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Matofali, mtu ambaye akiona ukuta wa mwenzake mkono unamwasha. Alidai nyumba ile imejengwa juu ya kiwanja chake, anataka wenyewe wahame. Lakini kwa haraka yake hakuuliza, na wakili wake naye hakuuliza, wakamshtaki Fundi Saa ambaye alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Maiti hashtakiwi, mama," wakili alisema. "Kesi hii imeanza ikiwa imekufa. Niletee cheti cha kifo, niandike majibu, inatupwa nje."

Halafu akaiona saini, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akaeleza polepole. Mahakama haina macho ya kuona kaburi, inaona karatasi. Karatasi hii, ambayo nakala yake tarishi amerudi nayo, inasema mshtakiwa yu hai, na amepokea wito kwa mkono wake. Amepewa siku za kujibu kwa maandishi. Siku hizo zikipita kimya, Bwana Matofali ataomba hukumu bila wao kusikilizwa, na watatolewa nje na vyombo vyao. Mtu anaweza kuwa na haki yake yote, akaipoteza kwa kuchelewa.

Mjane alirudi mbio. Cheti alikihifadhi chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni. Mfuko ulikuwepo. Cheti hakikuwemo.

Tangu hapo nyumba haikutulia, wala yeye. Alianza kushona akaacha, akaanza kupika akasahau chumvi, akapekua sanduku moja mara nyingi kana kwamba cheti kingemwonea huruma. Mama mkwe, yeye alikuwa ametakata uso. Alipakua sahani tatu. Alipita mbele ya chumba cha marehemu kwa ncha za vidole, na aliponong'ona, alinong'ona kama mtu anayengoja jibu.

Mchana mmoja, jua likiwa limesimama utosini na mtaa mzima umekimbilia vivulini, mjane alikuwa kwenye cherehani anapinda sketi ya shule, akasikia mlio. Alisimamisha mguu, akadhani ni cherehani, lakini mlio uliendelea, mdogo, wa mbio, halafu wa pili ukajiunga, halafu wa tatu, mpaka akatambua kuwa ni zile saa ambazo wenyewe hawakuzifuata, zilizolala kimya katika droo ya marehemu tangu mazishi, sasa zote zinatembea, na hakuna hata moja inayokwenda sawa na nyingine. Akanusa mafuta ya mashine. Akakaza macho kwenye pazia la chumba ambalo lilikuwa likivuta ndani na kutoa nje, likivuta na kutoa, ilhali upepo haukuwepo, na nyuma ya pazia lile mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kutaka kusema neno, alicholala akikisikia miaka yote ya ndoa yake, kisha sauti ya mumewe ikasema kwa upole, kama anayemwondolea mke mzigo:

"Usihangaike na mahakama. Nimeshashughulikia."

Kilichomtia hofu si kwamba sauti ilikuwa ya mumewe. Ni kwamba Fundi Saa, katika uhai wake wote, hakuwahi kumwambia asihangaike. Alikuwa akimwamsha mapema, akisema tuhangaike wote.

Alitoka mbio, sindano ikiwa bado mdomoni. Wakili akamtuma kwenye ofisi ya vizazi na vifo akachukue nakala ya cheti. Huko wakamwambia jalada halionekani, aje kesho, na kesho wakamwambia aje wiki ijayo. Wakili alijaribu kupeleka maelezo bila cheti, karani wa mahakama akayarudisha, kwa kuwa hayana ushahidi wa kifo. Wakitazama huku na huku, muda ukapita. Bwana Matofali akaomba hukumu yake, akapangiwa tarehe. Siku hiyohiyo alionekana akipima uwanja wa mjane kwa kamba, akimwambia fundi wake mahali pa kumwaga mchanga.

Mwanamke mmoja muuza mitumba, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini kuliko kwa nguo, aliletwa na jirani. Hakuchoma kitu wala kupiga ngoma. Aliingia, akanusa, akatoka hadi barabarani ndipo aliposema. Yule si marehemu, alisema, marehemu amelala. Yule ni jini asiye na jina, wa kuzurura. Alikuta jina halina mwenyewe, linaitwa kwa mhuri, na mtu mlangoni anasema yupo. Akaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Mimi siwezi kumtoa, alisema, atatolewa na ulimi uliomwingiza, mahali jina hilo linapoitwa.

Mjane alirudi ndani akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alimuuliza cheti kiko wapi. Bibi akagusa kifua chake, ndani ya blauzi.

"Karatasi hii inasema mwanangu amekufa," alisema. "Na mwanangu yumo chumbani, nasikia anakohoa. Mimi nimwamini nani?"

"Amekula, mama? Zile sahani unazompelekea, amewahi kula?"

 Bibi akajifunika uso kwa mtandio.

"Tutalala wapi, mama?"

"Wewe utaolewa tena, mwanangu. Mimi nitazaa tena?"

 Walikaa wote sakafuni, na nyuma ya pazia saa zile zikazidi mbio, kana kwamba zinawazomea.

Asubuhi ya hukumu walipanda basi pamoja bila kusemezana. Mama mkwe aliweka mkoba wake kwenye kiti cha katikati, na kondakta alipotaka kukalisha mtu pale akasita, akakuna shingo, akapita. Mahakamani vilevile. Kwenye benchi la mbao watu walibanana, lakini kati ya wanawake wale wawili pakabaki pengo la mtu mmoja, na waliokaribia walifunika pua, wakiulizana nani amemwaga mafuta. Mbele yao Bwana Matofali alikuwa na suti mpya na uso wa mtu anayengoja kukabidhiwa funguo.

Karani akaita jina. Kimya. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na wakili wa miwani akasimama kuomba asikilizwe, hakimu akamwuliza cheti kiko wapi, binti akageuka kumtazama mjane, na mjane akamgeukia mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameshika blauzi kifuani kwa mikono miwili, na hapo kwenye lile pengo la benchi kikohozi kidogo kikasikika, na hakimu akainua kichwa kutafuta aliyekohoa, na karani akavuta pumzi ya kuita mara ya tatu.

Aliita. Na kabla ya kitu chochote kuitika, bibi alisimama.

"Amekufa," alisema. "Mwanangu amekufa. Nilishika miguu yake ikiwa baridi, nikaisugua, haikupata moto."

Akatoa cheti, kimelowa jasho, akakipeleka mwenyewe mpaka mbele. Aliporudi, sauti ilimfuata sikioni, na mjane aliisikia kwa kuwa alikuwa karibu. Ilikuwa sauti ya mtoto sasa.

"Mama, mimi niende wapi?"

Bibi alifumba macho. Machozi yalimshuka lakini ulimi haukumtetereka.

"Mfuate aliyekuita kwanza," alimjibu.

Pengo kwenye benchi likajaa, watu wakajisogeza tu, kama kawaida. Hakimu alisoma cheti, akamkemea wakili wa mdai kwa kuleta mahakamani jina la mtu aliyezikwa, akaitupa kesi. Bwana Matofali alitoka akijinusanusa mikono, kana kwamba imemwagikiwa mafuta ya mashine.

Jioni ile mama mkwe alilia kilio chake cha kwanza tangu mazishi, kikubwa, cha kuamsha majirani, na mjane alimshika mpaka kilipokwisha. Viatu wakampa fundi baiskeli aliyekuwa peku.

Bwana Matofali bado aliweza kufungua kesi upya, safari hii kwa jina la mjane, ila muda wa sheria ulikuwa umembania, maana dai lake lilikuwa la zamani. Wakili wake alimhimiza. Kila asubuhi alivaa suti, akafika hadi lango la mahakama, akasimama. Muda ukapita naye yupo palepale, na alipoulizwa kwa nini haingii, alisema kwa sauti ya chini, akitazama madirisha, kwamba huko ndani jina lake linaitwa, na kila anapotaka kufungua mdomo, mtu mwingine ameshaitika.