Sanduku la Mkulo

Sanduku lilipanda kutoka bwawani zito kuliko lilivyoshuka, na halikuwa limevuja. Rajabu alilitikisa karibu na sikio, akasikiliza, hakusikia maji. Akawaambia wanaume walioshika kamba kwamba ni mikono yao tu imechoka. Wanaume waliobeba magogo ya msitu wa Shume tangu ujana wao wakatazamana, wakamwachia uongo wake.

Huyo Rajabu alikuwa mtu wa sinema. Gari la serikali lilimleta kutoka Tanga apige picha za bwawa jipya la kijiji. Miaka ile ya ujamaa kila kijiji kilitaka kitu cha kuonyesha wageni, na hapo walikuwa na bwawa. Walilichimba kwa majembe, wakazamisha chemchemi ambayo wazee hawakuifikia bila kuvua viatu, wakapandikiza samaki, perege, wakapiga makofi. Perege hawajakua, bwawa likamchukua Selina, binti wa Yohane seremala. Mama yake, Efrazia, alikuwa shamba la pamoja akipalilia viazi vya watu wote. Walimtafuta mtoto kwa miti mirefu, wakamtafuta kwa nyavu, hakuonekana.

Desturi ya pale, aliyepotelea majini huzikiwa kipande cha mgomba. Kinalazwa kwenye jeneza, kinaitwa jina la marehemu, kinafukiwa, watu wanakula wanakwenda zao. Jeneza lililopimwa kwa jina la mtu halikai tupu. Yohane alikuwa ameshalichonga, kwa mbao za mkulo, mti mgumu wa msitu wa kwao. Efrazia akagoma.

"Sikuzaa mgomba," alisema. "Siziki mgomba."

Mchungaji alimsihi. Mashemeji walimsihi. Wifi yake akamwambia anajifanya mzungu. Jeneza likabaki chumbani, tupu, wazi.

Hapo ndipo Rajabu alipofika, akapangiwa kulala kwao kwa sababu nyumba ilikuwa ya bati. Alisema kwa kujigamba tu, akila viazi vyao, kwamba angependa kuwapiga picha perege huko huko chini ya maji. Efrazia akaacha kukoroga sufuria.

"Kamera inaona chini?"

"Ikipata sanduku zuri la kuikinga, mama, inaona mpaka matope."

"Basi uniangalizie mwanangu. Nijue alipo, wamtoe, nimzike."

Rajabu alikuwa na kamera mbili, akaziweka mezani kama mtu anayeuza. Kubwa ilikwenda kwa betri na kubeba mkanda mrefu, lakini ingehitaji sanduku la ukubwa wa sanduku la nguo, na kitu cha ukubwa huo kilichojaa hewa hakizami hata ukikifungia mawe ya msingi. Ndogo ilijazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukibonyeza kitufe inakwenda muda wa kusali Baba Yetu mara moja, kisha inasimama mpaka uijaze tena.

"Baba Yetu moja inatosha kumwona mtoto," alisema Efrazia. Ikachaguliwa ndogo.

Kazi ilikuwa sanduku. Rajabu alikuwa amepewa la bati ofisini kwake, lililotengenezewa kamera nyingine. Walilijaribu kwenye pipa, likanywa maji kama ng'ombe. Yohane akasema anaweza kuunda la mbao, ila ni msimu wa ukungu, mbao zote mbichi, na mbao mbichi zikikauka maungio yanaachana.

"Kavu zipo," alisema mkewe.

Yohane alijua anasema zipi. "Zile zimepimwa, Mama Selina. Zina jina."

"Ndiyo nazitaka. Zimepimwa kwake, zikamtafute."

Kosa ndilo hilo, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Yohane, mzee wa kanisa, alilivunja jeneza la mwanawe akaunda sanduku. Mbele alitia kioo cha dirisha, kwenye kifuniko akabana mpira wa ndani wa tairi, maungio akayaziba kwa nta. Ubavuni alipitisha kijiti cha chuma katika tundu lililojazwa ngozi na mafuta, ukikivuta kwa kamba kinabonyeza kitufe. Adhuhuri, jua lilipotoboa ukungu, wakalifungia mawe, wakalishusha bwawani, Rajabu akavuta kamba, Efrazia akasali Baba Yetu kwa sauti mpaka Amina. Wakalipandisha, likapanda zito.

Mkanda ulikuwa umebaki mwingi, na Rajabu alitaka kulishusha sanduku tena. Lakini siku ile ile homa aliyotoka nayo pwani ilimwangusha.

"Msilifungue," alisema, meno yakigongana. "Unyevu ukiingia, lenzi itaharibika. Liwekeni karibu na moto."

Wakaliweka jikoni, kioo kikitazama mafiga. Ukungu ukafunga bonde lote, watu wakawa wanaonana wakishagongana.

Kwanza ilikuja harufu, ya matope na majani yaliyooza majini, ikakaa katika nguo na katika uji. Kisha kioo kikaanza kutoa jasho kwa ndani. Asubuhi moja Efrazia alikuta katikati ya jasho lile pamefutwa, duara dogo, kama mtu amechungulia. Akamwita mumewe. Yohane alitazama, akaenda kukata kuni ambazo hazikuwa zikihitajika.

Kisha ikaja sauti. Krrrr, ile ya kamera inapokwenda, na wakati ule ufunguo wake ulikuwa umekwisha nguvu na kamba yake imening'inia bila mtu. Ililia mchana, Efrazia akiwa anamenya viazi. Akigeuka, inanyamaza.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Panya," alisema Yohane.

"Panya anakwenda kwa springi?"

Siku nyingine ukoko wa ugali ulikuwa umekwanguliwa wote sufuriani, na ukingoni kuna matope ya vidole.

"Selina alipenda ukoko."

"Usilitaje jina hilo humu ndani," alisema Yohane.

Pengine wangeendelea hivyo, yeye na kuni zake, mkewe na maswali yake. Lakini palikuwa na Timotheo, mtoto wa mwisho, aliyekuwa anatambaa. Alasiri moja Efrazia alimlaza jikoni juu ya mkeka, akatoka kidogo kuanua nguo ambazo kwa ukungu ule hazingekauka hata wiki nzima, na alipokuwa bado uani alisikia krrrr ikianza jikoni, na juu yake kicheko cha mtoto, si kilio, kicheko, akatupa nguo chini akakimbia, akakuta mkeka umeburutwa mpaka ubavuni mwa sanduku, na juu ya mkeka Timotheo ameketi akikitazama kioo, amelowa kichwa mpaka miguu maji ya baridi yanayonuka bwawa, na nywele zake zimelazwa vizuri upande mmoja, kama zinavyolazwa na mtu anayekupenda.

Timotheo akaanza kukohoa. Hakuacha.

Ndipo akaitwa Sheshe, mganga mzee wa upande wa Mlalo, akapitishwa mlango wa nyuma kwa heshima ya kanisa. Hakutaka hata kuketi. Alinusa sanduku, akasonya.

"Mmepeleka kitanda majini kikiwa kitupu," alisema polepole. "Kuna kilichopanda kikalala."

"Ni mwanangu, babu?"

"Ni jini la chemchemi. Litavaa jina lolote unalolipenda. Wewe ndiye uliyelikaribisha, wewe ndiye wa kulifukuza. Sogea kwenye kioo ulitamkie litoke. Ukisita, litamchukua na huyo anayekohoa."

Efrazia alimtazama Timotheo mgongoni kwa baba yake. Kifua cha mtoto kilikuwa kinavuta kama msumeno butu. Akapiga magoti, akaweka uso karibu na kioo.

"Toka," alisema. "Hapa si kwenu."

Krrrr ikaanza. Sheshe akamtikisia kichwa aendelee.

"Toka. Hapa si kwenu. Toka!"

Ndani ya sanduku kitu kiligonga, taratibu, kiganja kwenye mlango. Halafu kimya. Yohane alipolinyanyua, lilikuwa jepesi.

Rajabu aliinuka kitandani, akatoa kamera yake akishangaa mkanda umekwisha wote, akaifuta, akaondoka bila kusubiri chai. Sanduku wakalifungia mawe, wakalitupa bwawani. Timotheo akapona, na Sheshe akapata sifa mpaka Lushoto mjini.

Kahawa ilikuwa imeshachumwa gari la sinema liliporudi. Walitundika shuka kwenye ukuta wa ghala la kijiji, jenereta ikanguruma, watu wakacheka kujiona wakichimba. Rajabu akamwendea Efrazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta. Sijaitazama. Niliogopa."

"Iweke."

Kwanza yalionekana maji, kahawia, na vumbi la matope. Hakuna Selina. Kisha picha ikaruka, na hapakuwa na bwawa tena. Palikuwa na jiko la Efrazia, limetazamwa kutoka chini, kwa kimo cha mtoto. Efrazia anamenya viazi. Efrazia anapita. Kiganja kidogo kinafuta kioo ili kimwone vizuri.

Ikaruka tena. Timotheo anatambaa peke yake juu ya mkeka, anayaendea mafiga, moto unawaka, anaunyooshea mkono. Kutoka ukingoni mwa picha mkono mwembamba ukatokea, unadondosha maji, ukashika pindo la mkeka, ukavuta. Ukavuta tena. Timotheo akaegemea nyuma akacheka. Mkono ukamlaza nywele.

Sheshe alikuwa wa kwanza kuondoka.

Picha ya mwisho ilikuwa uso wa Efrazia mwenyewe, umejaza shuka zima, mdomo unafunguka na kufumbika. Sinema haikuwa na sauti, lakini hakuna aliyeshindwa kujua anachosema. Mbele ya uso ule, kwa ndani ya kioo, kiganja kidogo kimebandikwa, vidole vimetawanywa.

Shuka likawa jeupe.

"Irudishe," alisema Efrazia.

Rajabu akairudisha. Akaionyesha tena, na tena, mpaka watu wote wakaenda makwao akabaki Efrazia, na Yohane aliyejifunika uso kwa kofia. Petroli ilipokaribia kwisha Efrazia aliinuka, akasogea mpaka kwenye shuka, akaweka mkono wake juu ya ule mdogo. Kivuli chake kikaufunika, usionekane. Akauondoa wake upesi, ule mdogo ukarudi. Akauweka wake tena.