Usiufunge Mwavuli

Mchana ule mkahawa wa Mama Mvuke ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Mtu akiona kiti alikikalia kwanza, salamu baadaye. Ndivyo Fundi Miwani alivyojikuta anatazamana na binti asiyemjua, kwenye kimeza cha watu wawili, mabakuli mawili ya tambi yakifuka kati yao kama majirani wanaogombana.

Binti alivaa gauni la kijani lenye vifungo vya mbao, nywele kazifunga kwa kitambaa cha manjano. Miwani yake ya kahawia ilikuwa imekaa upogo, na jambo hilo lilimwasha Fundi kuliko pilipili ya mezani. Akajizuia. Huwezi kukutana na mtu leo, ukaanza kumnyoosha uso leo hiyohiyo. Lakini kila binti alipoinamia bakuli, mvuke uliifunika miwani, naye akaendelea kula kwa kubahatisha, vijiti vya kulia vikichokora hewa. Alipoinama tena, mkono wa miwani ukachomoka, na kitu kidogo kama punje ya ufuta kikaruka na kuzama ndani ya supu.

"Usimeze," Fundi akasema.

Binti akaganda, tambi zikining'inia mdomoni.

"Skrubu imeingia humo. Ukiimeza itabidi nikufuate nyumbani na bisibisi."

Akazivuta tambi taratibu, moja baada ya nyingine, akazikagua kwa ulimi, akameza. "Wewe ni nani, na umeonaje kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona?"

"Fundi wa miwani. Duka la mjomba wangu lipo hapo kwenye kona, lenye jicho kubwa mlangoni."

"Lile jicho linalonitisha kila asubuhi?"

"Ndilo. Nililichora mimi."

"Pole sana."

Fundi hakuwahi kushika vijiti vikamtii, lakini siku hiyo vilijua kuna mtu anatazama. Aliiopoa skrubu kutoka chini ya kitunguu, akaifuta, akatoa bisibisi ya mfukoni, akaifunga. Binti akaivaa miwani na kumtazama upya, kama anayesoma tangazo.

"Kumbe una kidevu," akasema. "Nilidhani nakula na ukungu. Ukungu wenye kelele."

Alikuwa mpima damu wa hospitali ya jirani, siku nzima jicho kwenye hadubini. Na jicho lile lilikuwa halishibi. Kabla hawajamaliza kula alishataka kujua kwa nini lenzi nene hufanya macho yawe madogo, nani alimfundisha Mama Mvuke kukata tambi kwa mkono, na ile harufu ndani ya supu ni ya nini. "Ni kama limau, lakini si limau. Wewe unaisikia?"

"Mimi naisikia njaa."

"Huna udadisi, Fundi."

"Ninao. Nadadisi utakula wapi Jumamosi, Bi Hadubini."

Mji ule ulikuwa na mikahawa ya Kiasia mingi kuliko mtu anavyodhani, iliyojibanza juu ya maduka ya simu na nyuma ya vinyozi. Wakaanza kuizungukia, na kanuni yao ilikuwa moja tu: kuagiza kile ambacho hakuna kati yao anayeweza kukikisia. Walikula wali ulioviringishwa ndani ya mwani mweusi, wakabishana kama mwani ni mboga au ni karatasi. Walikula kabichi iliyochachushwa hadi ikapata hasira. Kuna siku waliletewa yai jeusi, jeusi kabisa, na Bi Hadubini akalichungulia kwa upendo kama mtoto mchanga.

"Mpenzi, onja wewe kwanza," alisema.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nikifa nani atasoma vipimo vyako?"

Halafu kulikuwa na vitabu. Siku ile ya kwanza, binti alipofungua mkoba kutafuta leso, Fundi alikiona kitabu cha katuni chenye jalada la bluu, *Mji wa Miavuli*. Ni hadithi ya mji usiokauka mvua, ya binti Mwasha Taa na kijana Mlinzi wa Daraja anayemfunika kwa mwavuli mwekundu.

"Unazisoma?" binti aliuliza, uso umemng'aa ghafla.

Sasa hapo, msomaji, mtu mwenye akili angesema hapana. Fundi alisema, "Nimesoma zote."

Zilikuwa juzuu kumi na mbili. Kesho yake alikimbia kununua, akapata tatu za mwanzo, akazisoma na akazipenda kwelikweli. Lakini kazi ikamzonga, na akagundua kwamba uongo wake unajiendesha wenyewe bila mafuta. Bi Hadubini akitaja jambo la mbele, yeye alitikisa kichwa na kusema, "Ile sehemu iliniumiza." Jibu hilo halikukosea hata mara moja. Inaelekea kila sehemu ya hadithi ile ilikuwa inaumiza mtu.

Jumamosi moja walikuwa kwenye mkahawa ambao mteja hujichomea nyama mwenyewe, jiko likiwa katikati ya meza. Bi Hadubini alikuwa kimya tangu waingie, na kwake ukimya ulikuwa kama homa.

"Kazini wananihamishia tawi jingine," alisema. "Mji mwingine, mbali. Jumatatu ijayo, si hii ya keshokutwa, natakiwa niseme naenda au siendi."

"Unataka kwenda?"

"Nataka kujua kama kuna kinachonizuia." Aligeuza kipande cha nyama kilichokuwa kimeshageuzwa. "Shangazi ananiuliza kila siku, huyo mtu wako wa Jumamosi ni nani kwako. Nakosa la kumwambia. Sisi ni watu wa meza moja, Fundi, au ni watu wa nyumba moja?"

Nyama ikaungua. Fundi akafungua mdomo.

"Usinijibu sasa, una mafuta kidevuni. Nijibu Jumamosi ijayo, kwenye tamasha."

Tamasha la mashabiki wa katuni lilifanyika mara moja kwa mwaka. Mwaka huo walikuwa wamepanga kwenda wamevaa kama wahusika, Bi Hadubini Mwasha Taa, Fundi Mlinzi wa Daraja. Jibu Fundi alikuwa nalo kabla swali halijaisha. Alichotaka ni kulitoa kwa mbwembwe. Wiki nzima alisugua pete nyembamba ya fedha kwenye mashine ya kusawazishia lenzi, hadi mjomba wake akamuuliza kama siku hizi wanauza miwani ya vidole.

Ukumbi siku hiyo ulikuwa umejaa hadi pumzi. Kulikuwa na majoka ya sponji, mapanga ya maboksi, na bibi mmoja aliyevaa mabawa ambaye hakuweza kupita mlango wowote akiwa ametazama mbele. Bi Hadubini alishona koti la manjano lililofika magotini, na taa yake aliitengeneza kwa chupa ya maabara iliyowekwa balbu ndani. Fundi alipomwona alisahau hata jina la hadithi.

"Umependeza hadi nimepoteza namba ya kiatu changu," alisema.

"Na wewe mwavuli wako umependeza. Ufungue basi."

Aliufungua. Papo hapo ncha moja ikapita karibu kabisa na jicho la mtu mwenye kichwa cha joka. Fundi akahisi baridi. Anayekula kwa macho ya watu hawezi kuyatoboa. Akaufunga haraka.

Kibanda cha Mama Mvuke kilikuwa upande wa pili, ng'ambo ya daraja la mbao lililojengwa kwa ajili ya picha. Mpango ulikuwa kwamba Mama angeandaa mabakuli mawili, pete ikiwa imelala chini ya tambi katika moja. Fundi alimwona Mama akimpungia mwiko: tayari. Ngoma zilikuwa zimeanza jukwaani, mtu hasikii hata mawazo yake. Basi akamketisha Bi Hadubini kwenye kiti, akamkabidhi mwavuli uliofungwa, akamtazama usoni, akatabasamu bila kusema neno, akageuka na kuvuka daraja.

Watu waliosimama karibu wakaachia "aaah" ndefu. Mmoja akapiga picha, mwingine akajifuta machozi, halafu yakafuata makofi. Fundi akadhani ni kwa ajili ya koti lake. Akainama kushukuru, akaendelea na safari.

Aliporudi na mabakuli, kiti kilikuwa kitupu. Mwavuli ulilala juu yake.

Simu iliita muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Uko wapi, Bi Hadubini? Tambi zinavimba."

"Usiniite hivyo tena." Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa magari. "Jibu nimelipata. Umelitoa kwa ufundi, nakusifu, hata makofi umepigiwa. Ila ungenisitiri kidogo, Fundi."

"Jibu gani? Mimi nilikwenda kuchukua supu."

"Juzuu zote umesoma. Ulisema mwenyewe. Unajua ulichofanya au hujui?"

Hapo ndipo alipotakiwa kulitoa lile neno dogo, sijasoma. Lilimfika hadi ulimini, likaona aibu, likarudi ndani.

"Najua," akasema.

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Alimrudishia Mama Mvuke bakuli, pete na kila kitu, akapita kwenye meza ya vitabu na kununua juzuu ya nne hadi ya kumi na mbili. Alikaa nazo dukani kwenye benchi la lenzi, akiwa bado na koti la Mlinzi.

"Mpwa wangu," mjomba alisema akiinua juzuu moja kwa vidole viwili, "mtu akiachwa hulewa. Wewe unasoma."

"Nilimdanganya kwamba nimezisoma, mjomba."

"Njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia juzuu ya tatu. Haya soma, wateja nitawapima mimi, na Mungu awasaidie."

Jumapili asubuhi alifika juzuu ya tisa. Ukurasa mzima ulikuwa wa daraja. Mlinzi, ambaye mwavuli wake haujawahi kufungwa tangu hadithi ianze, anaufunga. Anamkabidhi Mwasha Taa. Anamtazama, anatabasamu bila kusema neno, anageuka na kuvuka. Chini kuna mstari mmoja tu: *Ndivyo watu wa mji ule wanavyoagana.*

"Mjomba," Fundi alisema kwa sauti ya mgonjwa, "nimemwacha mwanamke bila kujua."

Simu ya Bi Hadubini bado ilikuwa imezimwa. Akapiga kwa Mama Mvuke.

"Shikamoo mama. Umemwona Bi Hadubini?"

"Marahaba. Yuko hapa tangu nifungue, amekuja kuiaga supu yangu. Analia juu yake, na mimi chumvi nilishaweka. Njoo umtoe."

"Ile pete, mama?"

"Iko kwenye aproni, imeshikana na kitunguu saumu. Njoo na maneno yako mwenyewe, mimi napika tu."

Fundi aliingia mkahawani na mwavuli umefunguliwa. Mlango ulikuwa mwembamba, mwavuli mpana. Uliikwaruza taa ya karatasi, ukambusu mteja mmoja kisogoni, lakini hakuufunga. Bi Hadubini aliketi kwenye kimeza kilekile, macho mekundu, simu mbele yake.

"Umekuja kuniaga mara ya pili?"

"Nilisoma juzuu tatu tu," Fundi akasema.

Aliweka vijiti chini. "Sema tena."

"Tatu. Siku ile nilivyoona uso wako umewaka kwa kile kitabu, nikaogopa nikisema sikijui utazima."

"Na kile kifo cha mbwa wa mlinda mnara? Ulisema ulilia."

"Ulisema umelia. Nikakusindikiza."

Mdomo wake ulitikisika, akaubana. "Na mwavuli?"

"Ulitaka kumtoboa jicho mtu wa joka. Nikaufunga. Nikakupa kwa sababu nilikuwa nakwenda kubeba mabakuli mawili, na Mungu amenipa mikono miwili tu."

"Nilikuuliza kwenye simu ukasema unajua."

"Lile la vitabu ni uongo. Lile la simu ni ujinga. Naomba unihukumu kwa yote mawili, ila usinihukumu kwa mwavuli."

Alimsogezea simu yake. Kulikuwa na ujumbe kwa mkuu wa maabara, *Nimekubali kwenda*, bado haujatumwa. "Nilikuwa namalizia supu kwanza," alisema. "Basi ulikuwa unaniletea supu tu? Hilo ndilo lilikuwa jibu lako?"

Kabla Fundi hajajibu, Mama Mvuke akatua bakuli jipya mezani, akaondoa lile la machozi, akabaki amesimama kama anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Mvuke ukapanda. Miwani ya Bi Hadubini ikafunikwa. Kwa mazoea ya mwili tu, akashika vijiti, akainama, akakusanya tambi hadi mdomoni.

"Usimeze," Fundi akasema.

Akaganda. Kisha, taratibu, kwa ulimi uliozoea kukagua mambo, akakitafuta kitu kile, akakitoa, akakiweka kwenye kiganja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakisogeza karibu na jicho kama anavyofanya na kila kitu asichokijua.

"Watu wa nyumba moja," Fundi alisema. "Ndilo lililokuwa jibu. Nilikuwa nalo tangu ile nyama ilipoungua."

Bi Hadubini alichukua simu, akafuta lile neno, *kwenda*, akalitazama pengo lake, akafuta na yaliyobaki.

"Umefika juzuu ya ngapi sasa?" aliuliza.

"Tisa. Nimegoma hapo. Anarudi, yule Mlinzi?"

"Hujasoma mbele?"

"Naogopa. Nataka unisomee wewe."

Bi Hadubini akainuka, na Fundi akadhani anaondoka. Lakini alibeba kiti chake, akakizungusha meza, akakitua upande wa Fundi, chini ya mwavuli, pete ikiwa tayari kidoleni na inanukia kitunguu saumu.

"Jamani," Mama Mvuke akasema, "humu ndani hakuna mvua. Wateja wangu wanaumia. Ufungeni huo mwavuli."

"Hatuufungi," walisema wote wawili.