Yahye na Mchanga wa Mtoni

Kila Jumamosi Naimo alipeleka mbuzi wa baba yake mtoni, upande wa Burat. Mdogo wake Yahye, wa miaka minne, alimfuata akiruka kama mwanambuzi. Mama yao alikuwa na onyo moja tu: "Usimwingize kwa maji! Hayo maji ni machafu."

Naimo alitii. Yahye alicheza mchangani tu. Na mchanga nani angeuogopa? Wakati wa kiangazi akina mama walichimba visima humo humo, wakisema mchanga unachuja maji. Kitu kinachosafisha maji kitakuwaje kichafu?

Siku moja Naimo na rafiki yake Boru walimfukia Yahye mpaka shingoni.

"Salaam aleikum, Chifu!" Boru aliinama. "Baraza inaanza saa ngapi?"

"Hakuna baraza! Chifu anataka mandazi!"

Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Naimo alimfukua mkono mmoja, akampa andazi. Yahye alilimaliza, kisha akalamba vidole, mchanga na yote.

Kesho yake alianza kuhara na kutapika. Mama alimkorogea maji ya chumvi na sukari, lakini hayakukaa tumboni. Macho yalipozama, baba alimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Walichelewa. Alasiri walimrudisha amefunikwa leso, akazikwa kabla ya magharibi.

"Hooyo, wallahi sikumwingiza kwa maji!" Naimo alimlilia mama yake.

"Najua, mwanangu. Najua."

Habsa, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja kuwapa pole. Baadaye aliwapeleka Naimo na Boru mtoni. Punda walikuwa wamelala mchangani. Nyuma ya vichaka, watu walikuwa wamejisaidia.

"Akina mama wanachimba chini, na bado wanachemsha hayo maji," alisema. "Nyinyi mnacheza huku juu. Uchafu ukikauka unafanana na mchanga, lakini viini vya ugonjwa bado vimo."

Wiki hiyo wazee walihamisha mahali pa kunyweshea mifugo, na vijana wakaanza kuchimba choo.

Jumamosi ilipofika, Naimo hakutaka kwenda mtoni. Mama alimpa kipande cha sabuni na mtungi wa maji.

"Mimi nilikukataza maji, mchanga sikuufikiria," alisema. "Sasa tumejua. Ukiona mtoto yeyote anataka kula na mkono wa mchanga, awe wa nani, mshike umnawishe. Hata akilia."