Bendera Iliyonuka Shombo

Giza lilikuwa linaanza kuingia Wawira alipofunika cherehani yake sokoni Runyenjes, akatia sindano, uzi na mkasi mkobani, akashika njia ya kwenda kwa Mzee Ndwiga. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mzee alikuwa akitetemeka kwa baridi mchana na usiku, na mablanketi hayakumfaa kitu. Mkewe Wambeti, ambaye watu walimwita Mama Gitari, alitaka bendera kuukuu za mzee ziunganishwe ziwe shuka nzito ya kumfunika.

"Lakini uzishonee hapa," alikuwa amesema kwa simu. "Hataki zitoke kwa nyumba."

Bendera za Ndwiga zilijulikana kijiji kizima. Ujana wake aliumalizia baharini, katika meli za mizigo za Waswidi, akarudi nyumbani na sanduku la bati lililojaa vitambaa. Hazikuwa bendera za nchi. Kila kampuni ya meli, alipenda kueleza, ilikuwa na bendera yake, iliyopandishwa mlingotini ili watu wa bandari wajue meli ni ya nani kabla haijatia nanga. Moja buluu yenye herufi nyeupe. Nyingine ya manjano yenye taji. Zikichakaa zilitupwa, naye akaziokota.

Wawira alipoingia chumbani, pua ilimwonya kabla ya macho.

Shombo.

Huku kwenye majani chai samaki hufika amekaangwa mpaka amekuwa gamba tupu. Hii ilikuwa shombo mbichi, ya matumbo ya samaki yaliyolala juani. Ilimkaa kooni kama kohozi la mtu mwingine.

"Mama Gitari, ni nini inanuka hivi?"

"Ni ugonjwa," Wambeti alijibu bila kumtazama, akarudi jikoni kuangalia chungu.

Wawira aliketi kando ya kitanda, akafungua sanduku. Mzee alikuwa amelala akiuelekea ukuta, meno yakigongana. Bendera za juu zilikuwa kavu, zikinuka dawa ya nondo. Sindano ilikimbia vizuri. Akaunganisha ya buluu na ya manjano, ya manjano na nyekundu. Kisha mkono wake ukafika chini.

Ya chini kabisa ilikuwa imelowa.

Sanduku lilikuwa kavu. Bendera zilizoilalia zilikuwa kavu. Hii ilikuwa baridi kama ulimi wa maiti. Aliinua pembe, na utelezi ukavutika kati ya vidole vyake kama kamasi, mrefu, bila kukatika. Zamani ilikuwa nyeupe, yenye duara la buluu katikati. Sasa ilikuwa na rangi ya usaha. Nywele chache za manjano zilikuwa zimegandamana nayo.

Ukingoni palikuwa na uzi mnene. Na uzi ulikuwa umeshika kitu. Kipande cheupe, laini, kama gegedu la bawa la kuku... Alikisogeza karibu na taa.

Kilikuwa na matundu mawili. Ndani ya tundu moja mlikuwa na vinyweleo.

Alikiachia kikaanguka sandukuni.

"Wacha hiyo." Ilikuwa sauti ya mzee, nyembamba. Alikuwa amegeuka. "Hiyo tulimzika nayo mtu."

"Nani, Mzee?"

"Kijana. Mswidi. Homa ilimlaza katikati ya bahari. Mimi ndiye nilijua kushona, nikamshona ndani ya turubai, na bendera ya kampuni ndani yake. Mkubwa wetu akasema sindano ya mwisho ipite puani. Ndiyo desturi ya zamani. Ndiyo mjue amekufa kweli."

"Na ikapita?"

"Ikapita." Mzee aligusa pua yake. "Akavuta pumzi."

"Mkubwa wetu alisikia. Akaniangalia. Akasema, maliza... Nikamaliza. Tukamtupa. Nilipoenda kulala, bendera ilikuwa chini ya godoro langu. Miaka yote imekuwa kavu. Ni juzi tu imeanza kutoa maji."

Mlangoni kulisikika mtu akitema mate. Wambeti alikuwa amesimama pale, koleo la jikoni mkononi.

"Umelaza hiyo kitu kwa nyumba yangu? Na watoto wangu wakilala hapa?"

Hakungoja jibu. Aliikamata bendera kwa koleo, akatoka nayo nje, Wawira nyuma yake. Waliimwagia mafuta ya taa nyuma ya jiko, wakawasha. Haikushika moto. Ilijikunja kama ngozi, ikachuruzika mafuta, ikachemka. Na harufu ikageuka. Ikawa ya nyama, nyama nzuri inayochomwa Krismasi.

Mate yakamjaa Wawira mdomoni.

Alijikuta akiyameza. Ndipo alipotapika, mikono magotini, mpaka ikatoka nyongo tupu.

"Chooni," alinong'ona Wambeti. Akaiburuta hadi choo cha shimo, akaisukuma tunduni kwa mpini wa jembe. Wakaisikia ikianguka. Kimya. Halafu kutoka chini, katikati ya uchafu, kitu kikavuta pumzi. Polepole. Kwa taabu, kama mtu mwenye mafua mabaya.

Walikimbia ndani.

Mzee hakuwa akitetemeka tena. Alilala chali. Bendera ilikuwa imetandazwa kifuani pake, kavu, nyeupe, kana kwamba imepigwa pasi. Maji ya chumvi yalikuwa yamelowesha mto. Puani alikuwa na mshono mmoja, wa uzi mnene wa turubai, uliofungwa fundo nadhifu. Wawira ni fundi. Uzi ule haukutoka mkobani mwake.

Kisha akaona povu.

Povu dogo, kwenye tundu la pua. Likavimba. Likanywea. Likavimba tena...

"Mama Gitari," alinong'ona. "Anapumua."

Wambeti alikuwa ameliona pia. Alilitazama muda mrefu, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeonja kitu kilichooza.

"Amekufa," alisema. "Mfunike."

"Lakini..."

"Wawira. Mfunike."

Na Wawira akamfunika, bendera ikapita juu ya uso. Akasimama pale, mikono ikinuka, mpaka kitambaa kikaacha kupanda na kushuka.

Mzee alizikwa pembeni mwa shamba la kahawa. Mchungaji Elphas aliombea roho yake, na watu wakala wakashiba. Mibuni iliyo karibu ilikauka wiki hiyo hiyo. Ng'ombe wa Wambeti hukata kamba kila siku, aende akalambe udongo wa kaburi kama anavyolamba magadi. Anatoa maziwa mengi kuliko zamani, mazito, yenye utando wa kijivu unaonyumbuka. Majirani waliyaonja mara moja, wakakoma.

Wambeti huyanywa. Kila jioni huyachemsha, akajaza kikombe, akaketi mlangoni akilitazama kaburi. Wawira alimkuta hivyo siku moja, akamsihi ayamwage.

Wambeti alikunywa mpaka tone la mwisho, akijizuia kutapika, akaupangusa ule utando mdomoni kwa kiganja.

"Hata wewe," alisema, akimsogezea kikombe, "ulimfunika."