Siku Majogoo Walipogawanywa

Foleni ya chapati za mafuta nje ya uwanja wa besiboli wa Santo Domingo haina adabu. Mwanamume mrefu, shati jeupe la kitani, alirudi nyuma bila kutazama akamkanyaga Nidia Peguero, kiatu chake cha njano kikaingia matopeni.

"Samahani, mrembo."

"Samahani haifuti kiatu. Na wewe si Radhamés Tolentino wa Majogoo? Uzee huo bado unacheza?"

"Nacheza. Na wewe?"

"Naichagulia timu ya Nyuki wachezaji."

Radhamés alicheka mpaka watu wakageuka. "Kumbe ndiwe unayewajazia watoto wa chekechea!"

"Afadhali chekechea. Nyinyi timu ikibomoka mnakwenda kuwaamsha wastaafu."

"Mkongwe anaijua njia, mama."

"Anaijua, ila haikimbii tena."

Mapenzi yao yalianzia kwenye ubishi huo. Walibishana kwenye simu, kitandani, hata mbele ya ndizi za kuponda za asubuhi: timu hujengwa upya kwa kununua uzoefu, au kwa kulea vijana na kuvumilia vipigo? Siku moja tu hawakubishana. Ni ile siku Radhamés alipopandisha suruali, goti limevimba kama papai. Daktari alishamwonya kwamba akianguka vibaya tena, atatembelea mkongojo maisha yake yote.

"Hujaona kitu," alimwambia. "Sijawahi kucheza fainali, Nidia. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho."

Nidia akaapa hatamwambia mtu.

Desemba Majogoo wakatolewa. Katika ligi ile, timu ikitolewa wachezaji wake hugawanywa: timu zilizobaki hujichagulia wa kuziba mapengo, na redio hutangaza majina moja kwa moja. Jogoo wa jana, kesho anavaa jezi ya Nyuki na kushangiliwa na waliomzomea. Nyuki walikuwa na pengo kwenye kituo cha pili, nafasi ya Radhamés, na kocha wao alikwisha kumnong'oneza: ni wewe. Basi Radhamés akasikiliza redio dukani kwa mama yake, majirani wamejaa, bia zimeshafunguliwa.

Redio ikamtaja kijana wa miaka ishirini na miwili.

Mama yake akaizima. Punde kocha akapiga simu. "Kaka, mimi nilikutaka. Nidia ndiye aliyegoma."

Radhamés alimpigia Nidia palepale, mbele za watu.

"Umewaambia habari za goti!"

"Sijamwambia mtu, mpenzi. Nisikilize..."

"Mpenzi wako nani? Msaliti mkubwa!"

Kisha akaenda kwa Nidia, ghorofa ya nne, mchana kweupe, akipanda ngazi kwa hasira. Nidia alifungua akiwa na gauni la nyumbani na vibiringisho vya nywele kichwani, macho mekundu.

"Nilisema 'si huyu', basi," alisema. "Wakaniuliza sababu, nikanyamaza. Sasa ofisi nzima inasema nimekukomoa kwa ugomvi wa kitandani. Bosi hanisemeshi."

Radhamés alimtazama sana. Hasira ilikuwa imebaki bila pa kushika.

"Kama usingenipenda, ungemchagua nani?"

"Wewe. Wa kwanza kabisa. Nisingekupenda, goti lako ningelijulia wapi?"

"Ungesubiri, Nidia. Ungesubiri kunipenda mpaka Februari, fainali ziishe."

Akatoka. Nidia alimsikia akishuka, hatua moja, kimya, hatua nyingine. Alilia, lakini hakujuta. Wangemuuliza tena kesho, angesema vilevile, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Nidia!" sauti ikapanda kutoka chini.

"Unataka nini tena?"

"Njoo unishike. Siwezi kushuka."

Alishuka mbio na vibiringisho vyake, miguu mitupu. Majirani walikuwa wametoka milangoni, wote wanamfahamu Radhamés Tolentino wa Majogoo, wote wanatazama. Naye akamwekea Nidia mkono begani, mbele ya macho yao, akaanza kuchechemea.