Stika Iliyobanduliwa Mlangoni

Maiti ilikuwa bado ndani ya gari. Msichana wa miaka ishirini, sare nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi, mkanda umefungwa vizuri. Lori la maziwa lilikuwa limemgonga kwa nyuma kwenye barabara kuu ya 99, saa moja asubuhi, katikati ya ukungu.

Ukungu wa Januari wa bonde hili hauna adabu. Unashuka mashambani, unalala juu ya barabara, na mtu haoni hata ukingo wa kofia aliyoivaa. Kila mwaka unatuchukulia watu, na kila mwaka tunasema ni ukungu tu. Inspekta Lorena Quiroz hakutaka kusema hivyo kabla hajaangalia.

Dereva wa lori alikuwa amekaa chini kando ya barabara, ameshika kichwa.

"Ulikuwa mwendo gani?"

"Pole pole, Inspekta. Naapa. Nilikuwa natambaa."

"Taa zake uliziona?"

"Taa gani? Hakukuwa na taa. Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia, giza tii, limekufa."

Mafundi wa polisi walimuunga mkono. Kifaa cha kumbukumbu kilichomo garini kilionyesha injini ilizimika ghafla, na umeme wote ukakatika, sekunde kumi na nne kabla ya kugongwa. Hazimtoshi mtu aliyeshtuka kufungua mkanda na kushuka.

Quiroz alizunguka gari mara mbili. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale mlango unapojifunga, aliona kipande cha mraba kinachong'aa kuliko rangi iliyokizunguka. Alikigusa kwa glavu. Kiliteleza kidogo. Vumbi lilikuwa limeshika pembeni mwake tu.

"Sajini Pruitt," aliita. "Hapa kulikuwa na stika."

Pruitt aliinama, akaguna. "Na mtu hakutaka isomwe."

Kabla ya saa sita walijua ilisema nini. Namba ya fremu ilieleza yote: gari lilinunuliwa jipya na mtu wa Sacramento, likawa linamzimikia njiani. Mafundi wa kiwanda walilitengeneza mara nne wakashindwa, kiwanda kikalazimika kulinunua tena. Baadaye likatengenezwa mara ya tano, likauzwa kama gari lililotumika. Kwa sheria ya huku, gari la namna hiyo linabandikwa stika kwenye nguzo ya mlango, na stika hairuhusiwi kutolewa. Muuzaji lazima amweleze mnunuzi ubovu wake na kumpa karatasi ya onyo aitie sahihi. Na kiwanda lazima kiutibu ubovu huohuo bure kwa mwaka mzima.

Gari lilikuwa na miezi mitano tu tangu kuuzwa. Delfina Furtado, msichana aliyekufa, angeweza kulirudisha siku yoyote.

Aliyeliuza ni Wendell Stroud, mwenye yadi ya magari karibu na reli. Polisi walimfahamu. Miaka sita nyuma alitozwa faini kwa kuficha historia ya gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko.

"Wewe tena," Pruitt alimwambia walipomkalisha chumba cha mahojiano.

"Mimi tena. Mna kahawa?"

"Stika umeiweka wapi?" aliuliza Quiroz.

"Stika ilikuwa mlangoni gari lilipotoka yadini kwangu."

"Sasa haipo."

"Basi muulize aliyeibandua. Mimi nilimsomea mzee aliyelinunua, baba yake msichana, karatasi mara mbili. Kiingereza chake kizito kidogo, nikamsomea taratibu. Akatia sahihi. Nakala mnayo hapo mbele yenu."

Nakala ilikuwepo kweli. Chini yake, kwa mkono wa mtu asiyezoea kalamu: A. Furtado.

"Sahihi kama hii hata mimi naweza kuiandika," alisema Pruitt.

Stroud alimtazama Quiroz, siyo sajini. "Inspekta, nina madhambi yangu, na yule wa mafuriko nilimlipa. Tangu siku ile sijacheza na karatasi. Mkinifunga kwa hili mtakuwa mmefunga mtu mwingine."

Hakuna aliyemwamini. Mimi mwenyewe nisingemwamini. Mwendesha mashtaka alisema atamshtaki kwa kusababisha kifo ifikapo Ijumaa, na Stroud akapelekwa mahabusu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

*

Nyumba ya akina Furtado ilikuwa ndani ya shamba la ng'ombe, nyuma ya mabanda. Adelino Furtado alikuja bondeni kutoka visiwa vya Azori akiwa kijana, na kwa miaka thelathini na moja amekamua ng'ombe wa watu wengine. Alikuwa amekaa kwenye kochi na kofia yake mapajani. Mkewe, Idália, ndiye aliyefungua mlango, ndiye aliyekata mkate mtamu wa mayai, na ndiye aliyesema.

"Yule mtu mmemkamata?"

"Yuko ndani, mama."

"Akae humohumo mpaka aoze."

Quiroz alimgeukia baba. "Mzee Adelino, pole sana. Nina swali moja tu. Siku ya kununua, Stroud alikusomea karatasi?"

Mzee aligeuza kofia. "Karatasi zilikuwa nyingi."

"Hii hapa. Sahihi ni yako?"

Aliitazama muda mrefu kupita kiasi. "Sikumbuki."

"Na stika mlangoni, uliiona?"

"Atakumbuka nini?" Idália alidakia. "Mwanawe hata hajazikwa. Huyu hajui kusoma Kiingereza, ndiyo maana yule mwizi akamchezea. Mwacheni."

Mzee alivaa kofia, akasema ng'ombe wanamsubiri, akatoka. Ilikuwa bado saa nzima kabla ya zamu yake.

Idália alingoja mpaka mlango ukafungika. Kisha akaketi mahali alipokuwa ameketi mumewe, na sauti yake ikashuka.

"Inspekta, nina jambo. Gari lile lilishamzimikia kabla."

"Lini?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza Novemba, karibu na chuo. Fundi wa mtaani akambadilishia betri. Mara ya pili wiki mbili kabla ya Krismasi."

"Hakulirudisha kwa Stroud?"

"Kwa nini alirudishe? Alijua ni gari tu kama magari mengine, betri mbovu." Alifuta makombo mezani ambayo hayakuwepo. "Aliniambia, mama, usimwambie baba. Baba atajisikia vibaya, gari ni zawadi yake. Nikanyamaza. Unaniona mimi? Nilinyamaza."

Quiroz alisogeza kiti chake karibu. Alimshika mkono, wakakaa hivyohivyo.

*

Majibu ya maabara yalifika Alhamisi. Quiroz aliyasoma, akayasoma tena, akamrushia Pruitt.

"Niambie hiki ni nini."

Pruitt alisoma kwa sauti. Kwenye nguzo ya mlango hapakuwa na petroli wala tina ya kuyeyushia rangi, wala dalili ya wembe au moto. Palikuwa na mafuta mazito yenye lanolini, ile nta ya sufu ya kondoo, chembe za iodini, na unywele mmoja mfupi, mweupe, usio wa binadamu.

Sajini, aliyekuwa anakula, aliacha kutafuna.

"Afande, haya ni mafuta ya kukamulia. Ya kopo la kijani. Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe arobaini, mafuta haya alijipaka mpaka usoni. Kidogo tu angepaka kwenye mkate."

"Yanatoa stika?"

"Ndiyo kazi yake ya pili." Pruitt hakuwa anacheka tena. "Ng'ombe asiyetoa maziwa unampeleka mnadani. Kule wanamgandisha karatasi ya namba mgongoni kwa gundi. Asipopata mnunuzi anarudi nyumbani na karatasi yake. Ukiivuta hivihivi inaondoka na manyoya. Unaipaka mafuta jioni, asubuhi inatoka nzima, yenyewe."

"Stroud ana ng'ombe?"

"Stroud hana hata paka."

Walitazamana. Katika kesi hii nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akishika ng'ombe kila siku.

"Nitakwenda peke yangu," alisema Quiroz.

*

Banda la kukamulia lilikuwa na joto la wanyama. Mashine zilikuwa zikivuma, ng'ombe wamepangwa pande mbili, na katikati, kwenye njia iliyochimbwa chini yao, Adelino Furtado alikuwa akipita kutoka chuchu hadi chuchu. Kopo la kijani lilikuwa kwenye rafu karibu na kichwa chake.

"Mzee Adelino."

Hakugeuka. "Nilijua utakuja."

"Nani aliibandua?"

Alimaliza ng'ombe aliyekuwa naye. Akapangusa mikono kwenye aproni, akaenda kwenye kabati la dawa lililokuwa ukutani, akalifungua. Ndani ya mlango wa kabati, imebandikwa wima bila mkunjo hata mmoja, ilikuwepo stika.

"Mimi."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Nyumbani taka alikuwa anatoa Delfina. Angeiona."

Quiroz alitoa daftari. Hakuandika kitu. "Stroud alikusomea ile karatasi?"

"Mara mbili. Alinieleza vizuri kabisa. Alisema lilikuwa linazimika, kiwanda kikalichukua, kimelitengeneza. Likizima tena ndani ya mwaka nilirudishe, watalitengeneza bure." Alifunga kabati. "Yule mtu hakunidanganya hata neno moja."

"Leo ni siku ya nne yuko mahabusu, mzee."

"Najua. Kila asubuhi navaa kofia nije kwako. Idália ananiuliza, unakwenda wapi? Nakosa jibu. Naivua."

"Nieleze sababu."

Mzee aliegemea chuma cha zizi. Ng'ombe aliyekuwa juu yake alimnusa bega, akamsukuma kwa upole.

"Miaka thelathini na moja, kila Jumatano mimi ndiye ninayepeleka mnadani ng'ombe waliokataliwa. Najua maana ya karatasi iliyogandishwa mwilini. Maana yake ni kwamba mwenyewe hakutaki. Gari lilikuwa zuri, Inspekta. Jeupe, safi, na bei niliyoimudu ni kwa sababu ya ile stika peke yake. Nikawaza mwanangu anafungua mlango pale chuoni, wenzake wanasoma. Wanasema, tazama, baba yake amempa kilichotupwa."

"Ukaipaka mafuta."

"Jioni. Asubuhi ikatoka yenyewe." Aliitazama mikono yake. "Nilikuwa bado nina nia ya kumwambia. Nilimwita aje uani, nikampa ufunguo. Akalia. Unajua alisema nini? Nguo zake zote tangu utotoni tulipewa kanisani, za watoto wa watu. Akaniambia, baba, hatimaye nina kitu ambacho hakuna mtu aliyekikataa kwanza."

Quiroz alishusha kichwa.

"Sasa ningemwambiaje?" aliuliza mzee. "Ungekuwa wewe ungemwambia? Nikasema moyoni, likizima ataniambia, nami nitalirudisha siku hiyohiyo. Karatasi ya onyo ninayo, iko kwenye buti zangu za Jumapili. Nilikuwa namuuliza kila wiki, gari vipi? Ananiambia, zuri, baba. Kila wiki, zuri, baba."

Alimkazia Inspekta macho, na sasa alikuwa akiomba.

"Lilizima siku ile tu, siyo? Halikuwahi kabla. Delfina angeniambia. Tulikuwa tunaambiana kila kitu."

Mara mbili, lilisema daftari la Quiroz, na tarehe zake. Alikuwa amewahoji wauaji bila kupepesa macho. Hili lilimshinda.

"Mzee..."

"Mara mbili, Adelino."

Idália alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Haikujulikana amekuwepo pale tangu lini, wala Quiroz hakumuuliza. Uso wake ulionyesha kwamba ameyasikia ya kutosha.

"Novemba, na kabla ya Krismasi. Aliniambia mimi. Akasema usimwambie baba, atajisikia vibaya. Sikukwambia."

Adelino aliyumba, kofia ikamwanguka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa mguu. Idália alishuka ngazi tatu hadi kwenye njia ile, akaweka chupa kando, akasimama mbele yake. Quiroz alidhani atampiga. Alichukua kofia yake iliyokuwa imeanguka, akaipangusa samadi, akamvisha.

"Na mimi nilimwita yule mtu mwizi," alisema.

Quiroz alitoka nje kidogo, akapiga simu.

"Pruitt, mwachie Stroud."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mpe kahawa yake. Mwombe radhi, na umwombe kwa heshima."

"Na mzee?"

"Ataandika maelezo. Mwendesha mashtaka ataamua mwenyewe, mimi sina nguvu." Alikata simu.

Aliporudi, alivaa glavu, akaibandua stika kabatini. Ilitoka kirahisi. Akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe.

"Itabidi twende kituoni, mzee. Utaandika yote uliyoniambia."

"Nitaandika. Lakini hawa bado." Alionyesha upande wa pili. Ng'ombe kama thelathini walikuwa wamesimama, viwele vimejaa, wameanza kulia. "Wataumia."

"Nitasubiri."

Adelino aliinuka akarudi kwenye mstari wake. Idália alivua koti, akalitundika kwenye msumari ambako ilikuwa inaning'inia aproni ndogo ya bluu. Aliishika ile aproni, akaitazama, kisha akaivaa. Ilikuwa ya Delfina, aliyekuwa akija kumsaidia baba yake Jumamosi. Akachota mafuta kwenye kopo la kijani, akaanza upande wa pili.

Walikamua mpaka wakamaliza, mmoja huku na mwingine kule, wamepeana mgongo. Inspekta Quiroz alikaa juu ya ndoo, mfuko wa ushahidi mapajani, akawasubiri.