Huyu wa Kilosa

Pale Mikumi, barabara ya Kilosa inapoingia kwenye lami, Jumamosi hapapitiki. Malori ya Zambia yamejipanga, mabasi ya Iringa yanapiga honi, wauza nyama choma wanagombea madirisha. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka tisini na sita, Golf ya zamani ya rangi ya chungwa ilikohoa, ikasimama, ikagoma kuingia gia yoyote. Ndani alikuwa Yudith, gauni la kitenge cha bluu, viatu vya kisigino, jasho likimtiririka kwa aibu.

"We mama, toa kopo lako!" dereva wa lori akafoka.

"Kopo mama yako!" Yudith akajibu, halafu akajiziba mdomo, maana alikuwa binti wa mchungaji.

Fundi mmoja mwenye ovaroli lililolowa grisi akaja akaegemea dirisha. "Shikamoo dada."

"Marahaba." Ilimchoma kidogo, kwa kuwa fundi mwenyewe alikuwa mzuri.

"Huyu anaumwa," fundi akasema, akiipapasa boneti. "Hajala tangu lini?"

"Nani hajala?"

"Huyu mzee wako."

Ndivyo Seni alivyozungumza. Kwao ni Wasukuma waliohamia Msowero na mifugo, na ingawa aliacha fimbo akashika spana, magari aliyaita kama alivyowaita ng'ombe: huyu kakonda, yule kalala. Yudith alicheka mpaka akatoa machozi. Hakuwa amecheka hivyo tangu baba yake azikwe, akamwachia nyumba ya vyumba vinne pale Kilosa, Golf, na ukimya wa kutisha jioni.

Giaboksi ilikuwa imesagika. "Spea za Golf wani, toleo la kwanza kama huyu, zimeadimika," Seni akamweleza. "Ila tangu biashara ifunguliwe, Golf tuu, toleo la pili, za mitumba zinashuka Dar kila siku. Giaboksi ya tuu inakaa kwenye injini ya wani bila ubishi. Mikono ya gia tu ndiyo lazima ibaki ya huyu mzee."

"Kwa hiyo gari langu litakuwa chotara?"

"Litakuwa zima, dada. Unataka nini tena?"

Wakati spea inatafutwa, simu zikaanza. Yudith alikuwa mpiga chapa wa shamba la mkonge, na simu ilikuwa mezani kwake. Seni alipiga kutoka kituo cha mafuta jirani na gereji.

"Haloo, mgonjwa anakusalimia."

"Msalimie. Amekula?"

"Kagoma. Anasema mpaka amwone mwenyewe."

"Yeye, au fundi wake?"

"Fundi wake zaidi."

Jumapili akawa anapanda basi kuja Kilosa, shati jeupe limepigwa pasi, ananukia sabuni na petroli kwa mbali. Neno dada likapotea, ikawa Yudith, ikawa mpenzi. Nyumba ile ikasikia sauti ya mtu mwingine. Jumapili moja, wakiwa wanamenya maembe barazani, Seni akasema, "Nataka nikuoe."

"Mimi nina thelathini na nane, Seni. Wewe thelathini na moja. Kwenu watasema umeoa mama yako."

"Watachoka kusema. Ijumaa nipigie. Neno moja tu, nitaelewa."

Wiki nzima Yudith alilifanyia mazoezi neno lenyewe mbele ya kioo. Ndiyo. Ndiyo, Seni. Ijumaa akapiga. Mhudumu wa kituo akaweka simu kaunta, akaenda kumwita fundi. Yudith akangoja. Mara akasikia sauti ya Seni ikikaribia, akiongea na fundi mwenzake, Valentino.

"Huyu wa Kilosa amezeeka, Valentino. Namhurumia tu. Mwenye nguvu ni yule mpya. Kesho namvua kila kitu."

Yudith akakata simu.

Na alijua! Alijua fika huyu mwanamume anavyoyasema magari. Lakini mwanamke anayelala na hofu ya umri wake hangoji maelezo. Seni alipoinua mkono wa simu akakuta tu-tu-tu. Akapiga tena. Costancia, mwenzake Yudith ofisini, akaambiwa aseme hayupo. Akasema hayupo siku ile, akasema hayupo wiki ile, mpaka simu yenyewe ikanyamaza.

Yudith akarudi kula peke yake. Alipika kidogo na bado kilibaki. Usiseme hakumpenda. Alimpenda mpaka akaacha kukaa barazani, kwa kuwa kiti cha pili kilimtia uchungu.

Ulipita mwezi na zaidi, ndipo Golf ikanguruma nje ya nyumba yake. Seni akashuka, amekonda, na begi begani. Akampa funguo.

"Mgonjwa wako amepona."

"Ahsante. Na yule mpya mwenye nguvu hajambo?"

"Yule? Tumeshamkatakata, bodi imekwenda na wa vyuma chakavu."

"Unamsema nani?"

"Yule Golf tuu aliyepinduka kule mbugani. Si ndiye tuliyemtoa giaboksi?"

Yudith akashika nguzo ya baraza. "Siku ile kwenye simu... ulisema huyu wa Kilosa amezeeka. Ulisema utamvua yule mwingine."

"Gari, Yudith! Giaboksi!" Seni akamkodolea macho. "Ndiyo maana ukakata?"

"Nilikuwa nimepiga kukubali."

Seni akakaa chini, kwenye ngazi.

"Nilijua umenikataa," akasema. "Baba akaja na habari za binti wa huko kwetu Shinyanga, Raheli. Nikamjibu sawa tu. Ng'ombe wa mahari wameshatoka. Leo napanda treni kwenda kumchukua."

"Umemwona?"

"Picha."

Treni ya usiku ilichelewa, ikaingia asubuhi. Yudith alifika stesheni na chupa ya chai na chapati, kanga ya njano kichwani, macho yamevimba. Wakakaa benchi moja, katikati ya mizigo na kuku waliofungwa miguu. Chapati hazikulika.

"Una la kuniambia, Yudith?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Ila akawaza: ni mtu mzima, aseme yeye kwamba haendi, kwa nini aombe ruhusa kwangu? Na Seni naye akawaza: mimi nilishauliza mara moja nikakatiwa simu, zamu hii aseme yeye. Jamani watu hawa! Wameketi bega kwa bega, kila mmoja anamngoja mwenzake, na behewa linajaa.

"Safari njema," Yudith akasema.

"Haya. Ubaki salama."

Seni akapanda. Akatoa kichwa dirishani, akamtazama tu, hata mkono hakupunga. Treni ikavuta, behewa la mwisho likapotelea kwenye kona ya mto Mkondoa.

"Usimwoe," Yudith akasema.

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Usimwoe!" Sasa alipiga kelele, watu wakageuka.

"Mimi? Nisimwoe nani tena, na wajukuu ninao?"

Yudith akacheka, na kicheko kikamgeuka kikawa kilio pale pale mbele za watu, mikono kichwani. Mzee akatua kapu lake, akamenya yai, akalitia chumvi, akampa.

"Kula kwanza," akasema. "Kula, mwanangu."

Akala, analia.